Wodi ikishafungwa LED nyeupe, wagonjwa hawalali na wauguzi wanaumwa kichwa. Tatizo ni rangi ya mwanga, taa kucheza, au fundi?

#1 Mchana Kweupe
Wakuu, heshima kwenu. Nawaita mafundi umeme, wauguzi, madaktari, watu wa vifaa tiba na wachora ramani.

Chukulieni wodi ya kawaida ya hospitali ya wilaya: mita 12 kwa 7, vitanda 20, dari mita 3. Tyubu za zamani zimetolewa, nusu zilikuwa zimeshakufa. Zimefungwa tyubu za LED 40 za wati 18, nyeupe ya 6500 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba kubwa inaelekea buluu, ndogo inaelekea njano), zote zinawaka kwa swichi mbili za mlangoni. Tangu hapo wagonjwa wanalala wamejifunika shuka hadi usoni, na zamu ya usiku inalalamikia kichwa na macho. Daktari wa raundi yeye anashangilia, anasema sasa anaona.

Msimamo wangu: ni ile buluu iliyomo ndani ya LED nyeupe. Inaudanganya mwili kuwa bado mchana. Mwenye hoja nyingine ashushe.

#2 Msoma Kimya
Nimevuta kiti. Chokistata atakuja na habari za choki sasa hivi, mtaona.

#3 Chokistata
Nimekuja nazo. Mkuu Mchana Kweupe, kabla ya buluu nijibu kwanza: choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu za zamani, zilitolewa, au tyubu zimechomekwa tu kwenye fremu za zamani? Na ukipiga video ya simu kwa mwendo wa taratibu, unaona mistari myeusi ikipita?

Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa isiyo na draiva nzuri (kifaa cha kulainisha umeme wa LED) inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila ubongo unachoka. Hili halikuanza na LED. Mwaka 1989 huko Uingereza walilinganisha tyubu zenye choki ya kawaida na zenye balasti ya elektroniki inayokimbia karibu 32 kHz, ofisi ileile, wafanyakazi walewale. Malalamiko ya kichwa na macho yalipungua kwa nusu hivi. Rangi haikuguswa.

Tyubu za bei ya chini ndani zina kapasita ndogo mno ya kulainisha umeme. Na hata ikiwa nzuri, kila joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Fremu iliyofungwa chini ya bati bila silingi bodi ni oveni. Miezi michache taa inawaka vilevile ukiitazama, lakini inacheza.

#4 Daktari Popo
Chokistata ana hoja upande wa kichwa, lakini haelezi kukosa usingizi. Hapo narudi kwa mleta uzi.

Retina ina aina ya tatu ya chembe za kupokea mwanga, mbali na zile mbili tulizosoma shuleni. Zina melanopsini, zinaitikia zaidi mwanga wa karibu nanomita 480, yaani buluu, na kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili ni saa ngapi na kuzuia melatonini, homoni ya usingizi. Mwaka 2022 kundi la wataalamu lilitoa viwango kwa mtu mzima mwenye afya, vikipimwa kwenye jicho kwa luksi za melanopsini (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali; hizi zinahesabu ule unaoamsha chembe hizo): mchana zisipungue 250, saa tatu kabla ya kulala zisizidi 10, wakati wa kulala isizidi 1. Sasa angalia wodi yako inatoa ngapi saa nne usiku.

#5 Sista Mkesha
Habari zenu. Naona mnagombania buluu na kapasita, wodini hamjafika.

Kinachomwamsha mgonjwa ni ratiba. Vipimo vya kila saa nne, dawa za saa sita usiku, damu ya maabara saa kumi na moja alfajiri, mgonjwa mpya kutoka mapokezi saa nane. Kila tukio kati ya hayo linahitaji mwanga kwa mgonjwa mmoja, lakini swichi ni mbili kwa wodi nzima. Kanula ya kitanda namba 7 inawaamsha wote 20. Weka taa ya rangi yoyote unayopenda, wataamka tu.

Zamani nusu ya tyubu zikiwa zimekufa, wodi ilikuwa na kona za giza. Wagonjwa walilala kwa sababu ya ubovu.

#6 Vifaa Tiba Mezani
#5 nimecheka sista, lakini ndiyo ukweli wenyewe. Ngoja niweke hesabu, maana humu watu wanataja mwanga bila namba.

Tyubu ya LED ya wati 18 inatoa lumeni 1800 hivi, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Nusu tu ndiyo inafika chini, nyingine inapotelea dari na kuta. Kisha zidisha kwa 0.7 kwa ajili ya vumbi na kuzeeka. Inabaki 630 kwa kila tyubu. Zidisha mara 40 unapata 25,200, gawanya kwa mita za mraba 84: luksi 300.

Kiwango cha Ulaya, EN 12464-1, kinataka luksi 100 kwa mwanga wa jumla wodini, 300 kwa kusoma na uchunguzi mwepesi, 1000 kwa uchunguzi na matibabu, na 5 kwa uangalizi wa usiku. Wodi hii imejaa mara tatu ya mahitaji ya jumla, haitoshi kwa uchunguzi wa kina, na haina kabisa taa ya usiku. Tyubu 14 zingetosha kwa mwanga wa jumla.

Sasa kwa daktari #4. Mgonjwa amelala chali, jicho linatazama dari, kwa hiyo linapokea karibu luksi zote 300. LED ya 6500 K kipimo chake cha melanopsini ni kama 0.9 ya luksi za kawaida: 270. Hiyo ni dozi ya mchana, saa nne usiku. Haya, tubadilishe ziwe 2700 K, tufuate hoja ya mleta uzi. Kipimo chake ni kama 0.45: bado 135, zaidi ya mara kumi na tatu ya ukomo. Lakini ukiacha rangi ileile nyeupe ukashusha hadi luksi 5, unapata 4.5 na upo ndani ya ukomo wa jioni. Rangi inapunguza nusu. Wingi unapunguza mara sitini.

#7 Msoma Kimya
Mchana Kweupe kimya. Buluu imepigwa kwa kalkuleta.

#8 Daktari Popo
Haijapigwa. Hesabu ya #6 ni sahihi, lakini ni ya jicho lililo wazi. Mtu akishalala, kope zinapitisha asilimia chache tu ya mwanga, na zinapitisha nyekundu kuliko buluu. Kwa hiyo madhara ya buluu yako kwenye zile saa mbili tatu kabla hajasinzia, na kila anapoamshwa. Kuanzia saa mbili usiku rangi ina maana yake, hasa pale ambapo huwezi kushuka chini ya luksi 50 kwa sababu kazi bado inaendelea.

#9 Mchora Ramani
Nyote mnazungumzia wingi na rangi, hakuna aliyeuliza taa iko wapi. Katalogi nyingi za taa zinahesabu mng'ao kwa mtu aliyekaa au kusimama akitazama mbele. Mgonjwa anatazama juu. Tyubu tupu bila kava, juu ya kifua chake, inamchoma machoni hata wodi ikiwa na luksi 100 tu.

Alvar Aalto alilijua hili. Sanatoria ya Paimio, Ufini, ya wagonjwa wa kifua kikuu, iliyofunguliwa 1933, vyumba vyake vilipangwa kwa mtu aliyelala: taa iliwekwa nje ya upeo wa macho ya mgonjwa, na dari ikapakwa kijani kilichokolea ili isimwakie. Huku kwetu dari ni nyeupe ya kung'aa na tyubu imefungwa katikati ya kitanda kwa sababu ndipo mbao ya kenchi ilipopita.

Hamisha safu ya taa iwe juu ya njia ya katikati, si juu ya vichwa. Kava iwe ya rangi ya maziwa. Kuta ziwe za rangi isiyong'aa kuanzia usawa wa kitanda kwenda juu. Ile rangi ya mafuta ya chini ya ukuta iachwe kwa ajili ya kusafishika.

#10 Kitabu Wazi
Mchango mdogo. Kuna utafiti maarufu wa Ulrich wa 1984, Pennsylvania, uliothibitisha kuwa wagonjwa wanaopata mwanga wa jua dirishani wanapona haraka. Kwa hiyo suluhisho ni madirisha, LED ni kupoteza muda.

#11 Daktari Popo
Kitabu Wazi, ule haukuwa wa mwanga. Ulikuwa wa mandhari. Wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, jozi 23: mmoja dirisha lake linaona miti, mwenzake linaona ukuta wa matofali. Wa miti walikaa siku 7.96 kwa wastani, wa ukuta 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu pungufu. Wote walikuwa na dirisha.

Wa mwanga wenyewe ni wa Walch na wenzake, 2005, Pittsburgh, baada ya upasuaji wa uti wa mgongo. Upande wa jengo wenye jua zaidi wagonjwa walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22 kwa saa. Na Milan, 2001, wagonjwa wa sonona ya bipola waliolazwa vyumba vinavyotazama mashariki walitoka karibu siku nne mapema kuliko wa magharibi. Jua la asubuhi.

#12 Vifaa Tiba Mezani
Weka na ule uliokataa, daktari, tusibague. Uholanzi, 2016, wagonjwa mahututi zaidi ya 700: nusu waliwekewa taa zinazobadilika nguvu na rangi kwa kufuata saa, nusu taa za kawaida. Kuchanganyikiwa akili hakukupungua. Asilimia 38 kwa 33, tena waliowekewa taa za kisasa ndio walikuwa juu kidogo.

#13 Daktari Popo
Wapo pia Waholanzi wengine, 2008, nyumba 12 za wazee: luksi kama 1000 mchana kutwa, na dalili za sonona zikapungua kwa asilimia 19. Mzee anayekaa sebuleni macho wazi na mgonjwa wa mashine ya kupumulia aliyepewa dawa ya usingizi hawapokei mwanga sawa.

#14 Mkunga wa Pwani
Hamjambo nyote, salamu kutoka Mombasa. Wodi ya kawaida mmeimaliza, nendeni leba kidogo.

Mama aliye kwenye uchungu anahitaji mwanga hafifu. Mkunga anayetafuta mchaniko anahitaji mwanga mkali. Ukiweka luksi 1000 chumba kizima umemkwaza mama tangu saa ya kwanza. Ukiweka giza, damu inayotiririka taratibu chini ya shuka haionekani. Jibu ni taa mbili tofauti: ya chumba luksi 50 hadi 100, isimtazame usoni, na taa ya uchunguzi yenye shingo na magurudumu inayowashwa pale tu inapohitajika. Iwe na betri yake, maana stima haichagui wakati wa kupotea.

Na hiyo taa ya shingo msinunue kwa kutazama wati. Kuna LED nyingi zinazoonyesha damu kama maji ya kahawia.

#15 Vifaa Tiba Mezani
Mkunga umegusa penyewe. Kwenye boksi wanaandika Ra 80, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kama zilivyo, na mnunuzi anaridhika. Ra ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo kwenye huo wastani. Taa inaweza kuwa na Ra 80 huku R9 yake ikiwa sifuri au chini ya sifuri. Chini yake midomo, ufizi na kitanda cha kucha vyote vinaonekana vya kijivu, na mgonjwa mwenye upungufu wa damu hatofautiani na mzima.

Kwa uchunguzi tafuta Ra 90 na R9 isiyopungua 50. Australia na New Zealand wameenda mbali zaidi: wana kipimo cha taa kwa ajili ya kuona ubuluu wa kukosa oksijeni, kisizidi 3.3, na rangi ya taa iwe kati ya 3300 na 5300 K. Sababu ni kwamba damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinatofautiana sana karibu na nanomita 660. Taa isiyo na nyekundu hiyo inaficha tofauti, na taa ya 6500 K inamfanya mzima aonekane wa buluu.

#16 Sista Mkesha
Ndiyo maana mtoto mchanga anapelekwa dirishani kuangaliwa manjano. Na kuta zisiwe za njano wala kijani, zinarudisha rangi yake kwenye ngozi. Mtoto mweusi tazama ufizi, viganja na nyayo, bonyeza kwa kidole uachie. Chini ya LED ya 6500 K manjano ya mwanzo yanapotea kabisa.

#17 Kitabu Wazi
Na zile taa za buluu za kutibu manjano si ndiyo zina miale ya UV? Hizo ndizo za kuogopa hasa.

#18 Mkunga wa Pwani
La, si UV. Ni buluu ya nanomita 460 hadi 490, na asili yake ni hospitali ya Rochford, Essex, miaka ya 1950, ambako Sista Ward alikuwa akiwatoa watoto juani na ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua imepoteza umanjano.

Kinachoharibika huko ni kingine. Tyubu za buluu zinazeeka zikiwa bado zinapendeza machoni. Nguvu ya matibabu mazito ni mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita, na bila kipimo chake huwezi kuijua. Andika saa za kuwaka kwenye plasta ubavuni mwa mashine, badilisha kwa saa zilizotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida elfu moja hadi mbili. Zungusha kitambaa cheupe pembeni kirudishe mwanga kwa mtoto, na papo hapo kinawakinga wauguzi, maana buluu ile ikitazamwa zamu nzima inaleta kichwa na kichefuchefu. Mtoto afunikwe macho. Na asikadiriwe manjano kwa macho akiwa kwenye matibabu, ngozi inapauka kabla ya damu. Pima bilirubini, kemikali inayoleta manjano, kwenye damu.

Oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, nayo ifunikeni kwa kitambaa kizito. Mwanga mkali wa nje unaidanganya.

#19 Msoma Kimya
Uzi wa usingizi umeshahamia kwa watoto wachanga. Mleta uzi shika usukani.

#20 Mchana Kweupe
Nimeshika. Hoja ninazo tano sasa: buluu, kucheza, wingi, mahali taa ilipo, swichi. Taa ya usiku je? Nimesikia nyekundu ndiyo salama kuliko zote.

#21 Sista Mkesha
Salama kwa melatonini, hatari kwa dawa. Chati nyingi za joto na mapigo zinachorwa kwa wino mwekundu na wa bluu. Chini ya taa nyekundu, wino mwekundu unayeyuka kwenye karatasi nyeupe, huuoni. Mistari ya buluu na ya kijani kwenye ampuli inageuka mieusi yote. Damu kwenye bandeji nyeupe nayo inafifia. Tumieni kaharabu, ile rangi ya asali, wati 1 hadi 2, sentimita 30 kutoka sakafuni, imefunikwa juu ili itupe mwanga chini tu, moja kila mita 3 au 4. Inatosha kuona viatu, beseni na mpira wa mkojo uliokunjamana. Kuandaa dawa ni kwenye meza ya wauguzi, luksi 500, nyuma ya kizuizi.

#22 Vifaa Tiba Mezani
Naunga mkono hiyo meza. Kwenye famasia moja yenye kazi nyingi huko Marekani, utafiti wa 1991, mwanga ulipopandishwa kutoka luksi zisizofika 500 hadi karibu 1,570, makosa ya kutoa dawa yalishuka kutoka asilimia 3.8 hadi 2.6. Watu walewale.

#23 Fundi Sola
Mkiweka kaharabu mnapunguza na wadudu. LED nyeupe kali karibu na dirisha lisilo na wavu inakusanya kumbikumbi na mbu juu ya kidonda. Chandarua chenyewe pia kinakula mwanga, cha bluu iliyokolea kuliko cheupe, kwa hiyo taa ya kichwani mwa kitanda iwe upande wa ndani wa chandarua au kiweze kukunjwa upande mmoja.

Kwa zahanati zisizo na gridi, hesabu ya usiku: taa 6 za wati 9 kwa saa 12 ni Wh (wati-saa) 648. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji Wh 1,296, yaani Ah (ampea-saa) 108 kwenye volti 12. Chukua ya 120. Funga taa za DC, za umeme wa betri wenyewe, moja kwa moja, usipitie inveta. Inveta inakula hata taa zikizimwa, na ikifa saa tisa usiku, kituo chote kipo gizani huku betri imejaa.

#24 Chokistata
Mkuu Fundi Sola, inveta nzuri haifi hovyo. Tatizo ni watu kuchomeka jiko la kuchemshia chai ya zamu.

#25 Fundi Sola
Ndiyo maana nasema DC. Hakuna jiko la DC la kuchomeka.

#26 Daktari Popo
Kuna upande mmejiepusha nao: mfanyakazi. Mgonjwa anataka giza, lakini nesi wa usiku akikaa kwenye giza hilo anasinzia. Quebec, Canada, mwaka 2002, wauguzi wa usiku waliwekewa vipindi vya mwanga wa luksi 3,200 hivi kwa saa sita za mwanzo za zamu, kisha miwani ya giza wakati wa kurudi nyumbani asubuhi. Saa zao za mwili zilihama zikaufuata usiku. Kwa hiyo chumba cha wauguzi kiwe na mwanga mkali mweupe hadi saa tisa usiku, halafu ushushwe.

#27 Sista Mkesha
Wale walikuwa wa usiku mfululizo, daktari. Kwetu mtu anafanya usiku miwili au mitatu, anapumzika, anarudi asubuhi. Ukiihamisha saa yake kwa usiku miwili, ya tatu umemwacha njiani, hayuko mchana wala usiku. Kwa zamu fupi bora isihame kabisa: mwanga wa kutosha kazi tu, na kusinzia kidogo kwa zamu saa nane hadi saa tisa.

#28 Daktari Popo
Hapo tunatofautiana. Kazi ya zamu za usiku IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliiweka kundi la 2A la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, ikarudia 2019. Lakini kama ni kuhama kwa saa ya mwili au ni kutohama ndiko kunakoumiza, kila kambi ina karatasi zake.

#29 Mchora Ramani
Narudi kwenye mchana, kwa sababu mchana hafifu nao unaharibu usiku. Wodi nyingi mpya zina madirisha madogo ya alumini yenye kioo cha rangi, na taa zinawaka saa sita mchana. Nje mawingu yakiwepo kuna zaidi ya luksi 10,000 za bure.

Mwanga wa dirisha unaingia ndani kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa juu ya dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.1, ni mita 4 hadi 5. Wodi ya upana wa mita 7 yenye madirisha pande mbili imejitosheleza. Elekeza pande ndefu kaskazini na kusini. Dar es Salaam jua la mchana mwezi Juni liko kaskazini kwa nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, Desemba liko kusini kwa nyuzi 73. Dirisha la kimo cha mita 1.2 upande wa kaskazini linakingwa na bati lililotoka sentimita 70. Upande wa kusini 40 zinatosha. Mashariki na magharibi hakuna bati litakalokusaidia, jua linaingia limelala. Wajerumani waliojenga hospitali ya Ocean Road mwishoni mwa karne ya 19 waliizungushia baraza, na baraza ilifanya kazi hiyohiyo.

#30 Msoma Kimya
Tumetoka choki tumefika kwa Wajerumani. Haya.

#31 Daktari Popo
Ila Mchora Ramani, Milan waliofaidika walikuwa wa mashariki. Ukiziba mashariki yote unazuia jua la asubuhi.

#32 Mchora Ramani
Milan ni kaskazini ya mbali na kuna baridi. Huku chumba cha mashariki saa tatu asubuhi ni joto, na mgonjwa anavuta pazia, mwanga unapotea wote. Mpeleke barazani saa moja asubuhi.

#33 Mchana Kweupe
Shukrani wakuu. Tuseme bajeti ya kubomoa hakuna, tyubu 40 zipo. Fundi aanzie wapi?

#34 Chokistata
Zima kwenye meini, si kwenye swichi. Nimeona swichi nyingi zimekata nyutro badala ya laini. Taa ikizimwa inabaki inang'aa kidogo kama mzimu, na ukigusa fremu unarushwa. Rekebisha hilo kwanza.

Fungua fremu, toa choki na stata. Soma tyubu: kuna za kupokea umeme upande mmoja na za pande mbili. Za pande mbili ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili zinaweza kuwa na umeme mkononi mwako. Bandika kikaratasi ndani ya fremu kinachosema imefungwaje, kwa ajili ya fundi atakayekuja.

Gawa saketi tatu. Safu ya njia ya katikati iwe peke yake, tyubu 14 zenye kava. Safu za juu ya vitanda ziwe saketi ya pili, ya dharura na usafi. Ya tatu taa za kaharabu za sakafuni, na hiyo iunganishwe na betri. Tyubu zinazobaki ziwekwe stoo za akiba. Kila kitanda kipate taa ya ukutani ya wati 5, lumeni 450, mwale wa nyuzi 60, Ra 90, 3000 K: kwa umbali wa mita 1.3 inatoa luksi kama 300. Swichi yake ifikike na mkono wa mgonjwa na wa nesi.

Dima msinunue. LED nyingi za kawaida zikipunguzwa na dima ya balbu za zamani zinacheza vibaya kuliko mwanzo.

#35 Vifaa Tiba Mezani
Na msibadilishe vyote siku moja, hamtajua nini kilisaidia. Wiki mbili saketi tu, rangi ileile. Kisha tyubu za njia ya katikati ziwe 4000 K zenye draiva nzuri. Pimeni luksi kwenye mto, kipimo kikitazama dari, saa nne usiku na saa tisa. Programu ya simu haifai, vihisi vyake vinatofautiana mno.

#36 Daktari Popo
Wiki mbili hazitoshi kuona athari ya saa ya mwili kwa wagonjwa wanaokaa siku tatu. Mtapima usumbufu tu, mtasema swichi imeshinda.

#37 Sista Mkesha
Basi mpime kwa wauguzi, wao wanakaa mwaka mzima. Na mkiwa na fundi hapo, atie mafuta magurudumu ya toroli ya dawa.

#38 Mkunga wa Pwani
Chokistata, swali: hizo taa za ukutani, nyaya zipite kwenye trankingi ya nje ya ukuta au kuchimba? Kuta za leba zinaoshwa kwa maji ya klorini kila siku.

#39 Chokistata
Trankingi ya plastiki, juu ya mita 1.5, viungo vizibwe kwa silikoni, na taa yenyewe iwe IP44 (isiyoingiwa na maji yanayorukia) kwenda juu. Kuchimba ukuta wa leba inayofanya kazi ni vumbi kwenye kitanda cha mama, usiruhusu.